Niliyoyaandika na Nisiyoyaandika: Miaka Tisa ya Ukatibu wa Bodi

Kikao changu cha kwanza cha kamati ya maslahi kilikuwa na ajenda sita, na ya nne ilisomeka hivi: "Mapitio ya mshahara na marupurupu ya Mtendaji Mkuu." Tulipoifikia, mwenyekiti alivua miwani, akatazama upande wa kulia wa meza alikoketi mtendaji mkuu mwenyewe, kisha akanitazama mimi. Nilidhani anasubiri nimkumbushe mhusika atoke, kwa kuwa kanuni za vikao tulizozipitisha wenyewe zilisema kwamba mjumbe au mwalikwa mwenye maslahi binafsi katika hoja ataondoka ukumbini kabla hoja haijajadiliwa. Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti akasema, "Tuendelee tu, Katibu. Huyu ni mwenzetu, hana neno." Mtendaji mkuu alicheka kidogo, akavuta kiti karibu zaidi na meza, na mjadala wa kumwongezea mshahara ukafanyika yeye akiwepo, tena akitoa ufafanuzi kila takwimu zilipoleta utata. Ulichukua dakika tisa.

Siku mbili baadaye nilikaa kuandika muhtasari. Niliandika: "Mtendaji Mkuu alitamka maslahi yake na kuondoka ukumbini. Kamati ilijadili hoja hii kwa kina na kuazimia kuipendekeza kwa Bodi." Hakuna aliyeniagiza kuandika hivyo. Sentensi hiyo niliichukua katika muhtasari wa mwaka uliotangulia, ambao uliandikwa na katibu aliyenitangulia, na sina shaka kwamba naye aliikuta ikimsubiri. Kwa miaka kadhaa niliinakili bila kuhisi kwamba nimesema uongo, kwa maana ilikuwa sentensi ya kiofisi, na sentensi za kiofisi huwa tunaziona kama samani: zipo, hazimsemeshi mtu.

Shirika letu lilikuwa la umeme, mali ya serikali kwa asilimia 100. Nililitumikia kama katibu wa bodi kwa miaka tisa, na mimi ndiye niliyepanga makabrasha, niliyehesabu akidi, niliyeandika maazimio na kufuatilia yatokanayo. Msomaji anayetarajia simulizi ya mabunda ya fedha yanayobebwa usiku hataipata hapa. Karibu kila nililoliona lilikuwa na saini, mhuri na namba ya jalada, na ndiyo sababu nimechukua muda mrefu kuelewa nilichokuwa nikikitazama.

Aliyenifungua macho kwanza alikuwa mjumbe mpya, mhasibu mstaafu ambaye wote tulimwita Mama, kwa umri wake na kwa namna alivyokuwa akitazama karatasi. Katika kikao chake cha pili aliuliza swali moja: "Huyu mtendaji wetu anatugharimu kiasi gani kwa mwaka?" Mkurugenzi wa fedha alitaja mshahara. Mama akasema hakuuliza mshahara, ameuliza gharama. Kimya kilichofuata hakikuwa cha kuficha; nawahakikishia kwamba hakuna mtu katika chumba kile aliyekuwa na jibu. Niliagizwa nilitafute, na kazi niliyodhani ni ya alasiri moja ilinichukua siku 11.

Mshahara ulikuwa katika fungu la watumishi, ambako kila mtu angeuona. Nyumba ilikuwa katika fungu la majengo, kwa sababu shirika lilipanga nyumba hiyo kwa jina lake lenyewe. Walinzi walikuwa katika fungu la ulinzi wa mitambo, wamechanganywa na wale wa vituo vya kupozea umeme. Dereva na mafuta vilikuwa usafirishaji. Ada za shule za watoto zilikuwa katika ustawi wa watumishi, fungu ambalo nilidhani ni la mazishi na michezo. Kisha kulikuwa na posho za vikao vya kampuni tanzu mbili ambazo mtendaji mkuu alikuwa mjumbe wa bodi zake kwa wadhifa. Posho za kujikimu za safari za nje, ambazo mwaka ule zilifikia siku 94. Samani zilizonunuliwa upya kila baada ya miaka minne. Na kiinua mgongo cha asilimia 25 ya mshahara wa miaka yote ya mkataba, ambacho hakikuonekana popote hadi siku ya kulipwa. Nilipojumlisha, mshahara ule tuliokuwa tukibishania kwa dakika tisa kila mwaka haukufika nusu ya gharama yote.

Jedwali lile lilikaa katika ukurasa mmoja. Mama aliomba liambatishwe katika bajeti ya kila mwaka. Mwenyekiti alisema litazingatiwa. Nami kwa uzoefu mdogo niliokuwa nao nilikwisha kujua kwamba neno "litazingatiwa" likiingia katika muhtasari, hoja imezikwa kwa heshima zote.

Haukupita muda mrefu ukaja waraka wa serikali wenye ukomo wa mishahara ya viongozi wa mashirika ya umma. Wananchi walifurahi, na furaha yao ilikuwa ya haki, kwani mtu anayekaa gizani hawezi kupenda kusikia kwamba anayemweka gizani analipwa vizuri. Mshahara ulishuka. Kabla mwaka haujaisha, bodi yetu ilikuwa imepokea madokezo matatu: la kupandisha posho ya nyumba, la kuanzisha posho ya madaraka, na la kuongeza idadi ya vikao vya kampuni tanzu. Kila dokezo lilikuwa na hoja zake, na kila hoja peke yake ilikuwa na mantiki. Nilipolifanya upya lile jedwali langu, kwa siri sasa, kwa kuwa hakuna aliyeniomba, jumla ilikuwa imerudi karibu pale pale ilipokuwa. Tofauti ni kwamba sehemu iliyokuwa ikionekana na kukatwa kodi ilikuwa imepungua, na ile isiyoonekana ilikuwa imenenepa.

Walioumia na ukomo ule kweli kweli walikuwa wengine. Mkuu hawezi kulipwa chini ya msaidizi wake, kwa hiyo ukomo wa mmoja unageuka kuwa dari kwa wote walio chini yake, ngazi kwa ngazi, hadi kwa mhandisi wa mfumo wa kinga ya mitambo ya umeme ambaye hana nyumba ya shirika, hana safari, hana kampuni tanzu ya kukalia vikao. Huyu mshahara wake ndio kila kitu. Tuliwapoteza wahandisi wanne katika miezi 18, wote wakaenda kwa wakandarasi waliokuwa wakituuzia huduma, na baada ya muda tukawa tunawalipa walewale kupitia ankara za wakandarasi hao.

Nimesoma baadaye kwamba jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2012 Ufaransa iliweka ukomo wa euro 450,000 kwa mwaka kwa viongozi wa mashirika ambayo dola inayamiliki kwa wingi, wakati kiongozi wa shirika la umeme la EDF alikuwa akipata zaidi ya euro milioni 1.5. Ukomo huo haukuyagusa makampuni ambayo dola ina hisa chache tu. Mwaka 2016, wanahisa wa kampuni ya magari ya Renault, dola ikiwa miongoni mwao, waliyakataa malipo ya mtendaji mkuu, Carlos Ghosn, kwa asilimia 54 ya kura, na bodi ikayathibitisha siku hiyo hiyo, kwa sababu kura ile ilikuwa ya ushauri tu. Ilibidi sheria ibadilishwe mwishoni mwa mwaka huo ili kura za namna hiyo ziwe na nguvu. China nayo, kuanzia 2015, ilipunguza malipo ya wakuu wa mashirika makubwa ya serikali kuu wanaoteuliwa na dola, ikayagawa katika mshahara wa msingi, malipo ya utendaji wa mwaka na malipo ya kipindi chote cha uongozi. Lakini mtendaji aliyeajiriwa kwa ushindani wa soko aliweza kulipwa kwa bei ya soko, hivyo ikawezekana aliye chini amzidi aliye juu. Mimi nilipokuwa nikiyasoma hayo nilikuwa nikiwaona wahandisi wangu wanne.

Lakini mishahara na posho, pamoja na kelele zake zote, vilinipotezea muda. Nilitazama kilichokuwa kikilipwa, nikasahau kutazama kilichokuwa kikipimwa.

Ukomo ulipoingia, serikali iliruhusu jambo moja: bonasi ya utendaji, isiyozidi miezi minne ya mshahara, iwapo shirika litafikia malengo. Tukaandaa mkataba wa utendaji wenye malengo matano. Lililobeba uzito mkubwa kuliko yote, asilimia 40, lilikuwa kupunguza muda wa kukatika umeme, yaani wastani wa saa ambazo mteja mmoja anakosa umeme kwa mwaka. Ni kipimo kinachotumiwa na mashirika ya umeme karibu kila mahali, na hakuna mjumbe aliyekipinga. Nani apinge kupunguza giza?

Maana ya kipimo hicho ilikuwa katika Kiambatisho C. Makabrasha ya kikao kile yalikuwa na kurasa 312, nami niliyasambaza Ijumaa jioni kwa kikao cha Jumatatu asubuhi, jambo ambalo leo nalihesabu miongoni mwa makosa yangu. Chini kabisa ya Kiambatisho C, kwa herufi ndogo, palikuwa na maelezo haya: "Kipimo hakitahusisha kukatika kwa umeme kulikotangazwa kwa wateja." Hapakutajwa kutangazwa saa ngapi kabla. Kwa kweli neno "kabla" halikuwepo kabisa. Kiambatisho kiliandaliwa na kitengo cha mipango, na kitengo cha mipango kilikuwa kikiripoti kwa mtendaji mkuu.

Mwaka wa kwanza saa za giza zilishuka kwa karibu theluthi moja. Bonasi ikalipwa. Mwaka wa pili zikashuka tena, na bonasi ikalipwa tena, safari hii kwa makofi. Ni Mama aliyesema, wakati makofi yakiisha, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nyumbani kwangu giza limeongezeka. Karatasi inasema limepungua. Naomba kujua ni nyumba yangu iliyo na kasoro au ni karatasi." Wengine wakacheka. Mkaguzi wa ndani hakucheka.

Yeye na mimi tulikwenda chumba cha udhibiti wa mifumo, tukaomba daftari la zamu. Fundi wa zamu, kijana mtaratibu, alitufungulia bila wasiwasi kwa sababu hakujua kwamba kulikuwa na la kuogopa. Tukachagua siku moja. Laini moja iliharibika saa 8:05 mchana kwa transfoma kuzidiwa. Saa 8:35 ujumbe ulitumwa kwa simu za wateja wa laini ile kuwataarifu kuhusu "matengenezo ya dharura". Umeme ulirudi saa 2:50 usiku. Katika mfumo, nusu saa ya kwanza iliandikwa kuwa hitilafu, na zile saa sita na robo zilizofuata zikaandikwa kuwa matengenezo yaliyotangazwa. Tukafunua siku nyingine, ikawa hivyo hivyo. Nilimuuliza kijana kwa nini wanafanya hivi. Alijibu kwa upole, "Ndivyo tulivyoelekezwa, mzee. Hitilafu isizidi nusu saa."

Tulipojumlisha aina zote mbili, giza la mteja lilikuwa limeongezeka katika miaka yote miwili tuliyolipa bonasi. Wala hakuna namba hata moja iliyokuwa imeghushiwa. Kila saa ilikuwa imeandikwa mahali fulani, kwa usahihi, katika safu ambayo mkataba ulisema isihesabiwe. Kibaya zaidi, kwa kuwa kubadilisha nguzo zilizooza na kufyeka miti hakukuwa katika malengo matano, bajeti ya kazi hizo ilikuwa imepunguzwa ili faida, lililokuwa lengo la pili, ipande. Mwaka 1991 wanauchumi Bengt Holmström na Paul Milgrom waliandika kuhusu jambo hili hili: mtu mwenye kazi nyingi, ukimlipa sana kwa ile inayopimika, ataiacha ile isiyopimika, na huenda ingekuwa afadhali kumlipa mshahara wa kawaida tu. Huenda Sweden walifikiri hivyo. Tangu mwaka 2009 miongozo ya serikali yao inakataza malipo ya aina ya bonasi kwa viongozi wa juu wa makampuni ya dola, na inataka mishahara yao iwe ya ushindani bila kuwa kinara wa soko.

Nisije nikaeleweka kwamba mtendaji wetu alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mhandisi hodari, aliyewahi kulala siku tatu kwenye kituo kilichoungua hadi kikawaka. Siku moja tukiwa kwenye korido aliniambia, "Katibu, mkono huu unasaini mkataba wa transfoma wenye thamani kuliko mshahara wangu wa maisha yote. Na mkubwa mmoja akiamka vibaya, mchana sina kazi. Sasa nambie, hiyo posho ya samani inawauma nini?" Sikuwa na jibu wakati ule. Sasa nadhani alikuwa amegusa kiini cha jambo kuliko ripoti yoyote ya washauri waelekezi tuliowalipa. Mtu ambaye kibarua chake kinaweza kuota nyasi kwa simu moja hawezi kuthamini pensheni, wala sifa ya miaka kumi ijayo. Atakusanya kinachokusanyika leo. Wasiwasi nao una bei, na shirika ndilo lililokuwa likiilipa, kidogo kidogo, katika mafungu ya majengo na usafirishaji.

Maneno yake yalitimia. Mwaka wangu wa sita tulisikia redioni kwamba uteuzi wake umetenguliwa. Bodi, ambayo kwa maandishi ndiyo iliyokuwa mwajiri wake, ilisikia pamoja na wasikilizaji wengine. Mwenyekiti alinipigia simu kuniuliza kama kuna barua yoyote imeingia, nikamwambia hakuna. Tuliitisha kikao cha dharura ili kupitisha azimio la kuafiki jambo lililokwisha kufanyika, na hapo ndipo tuliposoma mkataba wake kwa makini kwa mara ya kwanza. Ulisema kwamba ukivunjwa kabla ya wakati bila kosa lililothibitishwa, atalipwa miezi yote iliyobaki pamoja na kiinua mgongo chote. Kosa lolote lilikuwa halijathibitishwa, kwa sababu tathmini zetu za miaka miwili zilizopita zilikuwa zimempa alama za juu kabisa. Zilikuwa zimetokana na Kiambatisho C. Tukalipa.

Miongozo ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, kuhusu uongozi wa mashirika ya umma, iliyotolewa 2005 na kupitiwa upya 2015 na 2024, inaweka mambo haya mawili katika aya moja: bodi iwe na mamlaka ya kumteua na kumwondoa mtendaji mkuu, na bodi ipange malipo yake kwa kuzingatia maslahi ya muda mrefu ya shirika. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo mara nyingi kama mambo mawili tofauti. Baada ya kikao kile cha dharura niliisoma kama jambo moja. Bodi isiyoweza kumwajiri mtu wala kumwachisha kazi haina ubavu wa kupatana naye bei, na mhusika anajua hilo, kwa hiyo hata akibaki ukumbini wakati mshahara wake ukijadiliwa, yule ambaye yeye anamheshimu kwa hakika hayumo ukumbini.

Sisi wajumbe na sekretarieti nasi hatukuwa watakatifu. Posho ya kikao ililipwa kwa kikao, wala si kwa mwaka, na mwaka mmoja bodi na kamati zake zilikaa mara 31. Mimi ndiye niliyeandaa ratiba.

Mwaka wa saba mkaguzi wa nje alituma timu mpya. Kijana mmoja katika timu hiyo aliomba mihutasari ya kamati ya maslahi ya miaka mitano, na pamoja nayo akaomba kitu ambacho hakuna mkaguzi aliyewahi kukiomba: sauti. Vikao vyetu tulivirekodi kwa kinasa sauti ili kunisaidia kuandika, na sikuwa na mazoea ya kufuta. Baada ya wiki alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango taratibu, akaketi. Alikuwa na muhtasari mkononi, amepiga mstari kwa penseli chini ya maneno "kuondoka ukumbini".

"Katibu," alisema, "kwenye kinasa sauti, huyu aliyeondoka anaendelea kuzungumza."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilitazama ile penseli. Tulikuwa tumetumia miaka tukijadili ukomo, bonasi, posho na washauri waelekezi, na mtu wa kwanza aliyegonga penyewe alikuwa amefanya jambo dogo kuliko yote: alilinganisha maandishi na sauti. Kanuni ya kumtoa mhusika ilikuwepo. Kanuni haikuwa na upungufu wowote. Mimi ndiye niliyeitimiza kila mwaka, kwa kalamu, kwa niaba ya watu ambao hawakuitimiza kwa miguu.

Nimefuatilia baadaye mkasa wa Shirika la Posta la Uingereza, ambalo ni mali ya serikali, nikajiona mwenyewe humo. Wasimamizi wa vituo vya posta kwa mamia walishtakiwa kwa wizi kutokana na hesabu za mfumo wa kompyuta wenye kasoro, na uchunguzi wa kisheria ukafunguliwa. Mwaka 2023 ikabainika kwamba miongoni mwa malengo ya bonasi ya viongozi wa shirika hilo ni kushirikiana na uchunguzi huo, na kwamba ripoti ya mwaka ilionyesha lengo limefikiwa kwa uthibitisho wa mwenyekiti wa uchunguzi, ilhali yeye hakuwa ametoa uthibitisho wowote, na uchunguzi wenyewe ulikuwa bado unaendelea. Shirika likaomba radhi, na sehemu ya fedha ikarudishwa. Mahali fulani katika jengo lile, nadhani, kulikuwa na katibu aliyejaza kisanduku kwa sababu kisanduku hicho hujazwa.

Korea Kusini, tangu miaka ya 1980, tathmini ya mashirika ya umma hufanywa na jopo la wataalamu kutoka nje ya mashirika hayo, madaraja yakatangazwa hadharani kila mwaka, na bonasi zikategemea madaraja hayo. Hata huko mizani huweza kupotoka. Mwaka 2021 wizara ililazimika kusahihisha matokeo kwa sababu ya makosa ya kuhesabu. Lakini kosa hilo lilionekana na likasahihishwa mchana kweupe, kwani matokeo yalikuwa yameanikwa. Yetu yalikuwa katika Kiambatisho C.

Niliandika barua kwa bodi, ya kurasa mbili, nikieleza kwamba sentensi ile si ya kweli katika mihutasari saba, nikaitaja kila mmoja kwa tarehe. Nilitarajia kuachishwa kazi, na wajumbe wawili walipendekeza hivyo, kwa hoja kwamba nimeidhalilisha bodi. Mama alisema kwamba aliyeidhalilisha bodi ni bodi. Kisha, kwa kuwa ilikuwa nafasi yake, akaomba lile jedwali la ukurasa mmoja liletwe, Kiambatisho C kiandikwe upya na mkaguzi wa ndani badala ya kitengo cha mipango, na kipimo kihesabu kila dakika ambayo mteja hana umeme, iwe imetangazwa au haikutangazwa. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mpya, hakusema litazingatiwa. Aliuliza nani anaafiki.

Mwaka wa kwanza wa kipimo kipya shirika letu lilionekana baya kuliko wakati wowote katika historia yake. Magazeti yalisema mtendaji mpya ameshindwa ndani ya miezi 12, na hakupata bonasi. Nilimwonea huruma, kwani kazi aliyoifanya ilikuwa nzuri. Alikuwa ameanza kufyeka miti. Mjumbe mmoja alipendekeza alipwe kifuta jasho. Mjadala huo ulipangwa kuwa ajenda ya tano ya kamati ya maslahi.

Tulipoifikia, mwenyekiti alivua miwani. Mtendaji mkuu alikwisha kusimama. Alikusanya karatasi zake, akarudisha kiti mahali pake, akatoka. Mwenyekiti akatazama saa ya ukutani, akaniambia, "Katibu, andika muda." Nikaandika: saa 5:12 asubuhi. Alipoitwa kurudi nikaandika tena: saa 5:58.